Komeo Lilikuwa Upande wa Nje

Mama Njeru alinipigia simu nikiwa sokoni Gakoromone, nimeinama juu ya debe la viazi, mteja amenisimamia kichwani ananihimiza. Namba sikuijua. Sauti niliijua kabla hajataja jina, maana ni sauti ileile iliyonifukuza kwake Gachoka siku ya kumzika mtoto wake, na tangu siku hiyo sikuwa nimeisikia tena, zaidi ya miaka ishirini. Hakunisalimia. Aliuliza kama mimi ndiye yule msichana wa ngoma. Nikamwambia msichana alishaisha, mama, amebaki mama wa viazi, lakini ndiye mimi. Nikasikia kuku nyuma yake na mtu anafagia uwanja. Halafu akasema Kaimenyi, yule aliyeturekodi, amefika kwake na watu wawili wa kamera. Wanatengeneza filamu ya ile albamu yetu, na wanataka akae kwenye kiti mbele ya nyumba yake aeleze vile miraa ilimuua mtoto wake. Watarudi Alhamisi. "Nimewaambia huo muziki sijawahi kuusikia," akasema. "Siwezi kuongea juu ya kitu sijasikia. Kuja nao. Mimi na wewe tuusikize kwanza."

Nilifunga meza yangu mapema siku hiyo, na kabla ya kwenda Gachoka niliketi nikaanza kuandika haya, kwa sababu najijua. Mdomo wangu ukianza na hasira huruka mambo. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo anayeona makosa humu ndani ayasahihishe kimyakimya aendelee. Majina nitayataja, kwa sababu wao hawakuona haya kutaja langu. Kaimenyi, Mwiti, na Mchungaji Nyaga. Mmoja alifunga mlango, mmoja alibeba mashine, mmoja alibariki uongo. Mimi ndiye niliyetoka mzima, kama huku ni kutoka mzima. Mkono wangu wa kushoto hutetemeka, na kuna wateja wanaonusa pumzi yangu wakidhani nimelewa.

Mwaka ule wa albamu ulianzia Embu, katika chumba cha nyuma ya kinu cha posho alichokuwa akifanyia kazi Njeru. Nilikuwa nimeletwa Embu na kanisa, kupiga ngoma kwenye mkutano wa injili, na baada ya ibada kijana mrefu mwenye unga kwenye nyusi akanifuata nyuma ya jukwaa akaniambia kwamba ninapiga kama mtu anayetafuta mlango gizani. Sikujua kama ni sifa au ni tusi. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye chumba chake. Kilikuwa kidogo, kuta za mbao, na unga ulikuwa umelala juu ya kila kitu: kwenye spika, kwenye nyuzi za gitaa, kwenye uji wa wimbi tuliokuwa tukinywa. Tulicheza kinu kikiwa kinasaga tu, ili majirani wasitusikie. Mwenye kinu akizima mashine, labda mama fulani analalamika mahindi yake yamepunjwa, na sisi tunanyamaza papo hapo, vijiti vyangu viko hewani. Kinu kikianza tena, na sisi tunaanza tulipoachia. Tulizoea kukatika hivyo hata nyimbo zikawa zinakatika zenyewe, na siku hizi kuna watu ng'ambo wanaoandika kwamba huo ukimya wa ghafla ni ufundi wa hali ya juu. Binti yangu hunisomea kwenye simu. Mimi humwambia hiyo ni foleni ya kinu.

Muziki wenyewe uliitwa metali, roki ya makelele, na metali yetu ilikuwa ile isiyotulia. Wimbo mmoja ungeweza kuchukua muda wa kuivisha maharagwe ya njahi. Unaingia kwa makelele, unafika mahali pa upole kama kanisani wakati wa sadaka, halafu sakafu inaondolewa chini yako. Na hesabu haikukaa nne kama ile niliyoizoea. Njeru alikuwa akinipa saba, akinipa tano, akinipa saba na nne zikiwa zimeshonwa pamoja. Nilimwambia mimi si mtu wa hesabu, mimi ni mtu wa soko. Akasema basi hesabu kisoko. Ndivyo nilivyofanya. Saba yangu ilikuwa viazi vitunguu. Vi-a-zi vi-tu-ngu-u, unarudi mwanzo. Tano ilikuwa karoti ndizi. Nne ilikuwa nyanya mbili. Nilipiga albamu nzima midomo yangu ikiuza mboga. Njeru naye aliimba kwa sauti mbili, moja safi, nyingine ya kunguruma kutoka tumboni, na wanawake waliokuwa kwenye foleni walikuwa na maoni. Siku moja niliwasikia kupitia mbao. Mmoja aliuliza kama yule kijana wa Gachoka anaimba ama anatapika. Mwenzake akasikiliza kwanza, kisha akasema anatapika, lakini anatapika na mpangilio.

Gitaa la besi lilikuwa la Mwiti. Mwiti alikuwa mfungaji wa miraa kule Maua, aliteremka Embu na magari ya mzigo na kurudi nayo, shavu moja limevimba siku zote, anacheka upesi, anaongea upesi, hawezi kukaa. Bendi tuliiita Mvua ya Mawe, na jina alilitoa yeye, lazima niseme hivyo kwa haki. Ni yeye pia aliyemleta Kaimenyi. Kaimenyi alikuwa mtoto wa mwenye banda ambamo Mwiti alifanya kazi, alikuwa amesomea mambo ya sauti Nairobi, ana kompyuta, ana maiki ndani ya masanduku yenye sponji. Alisimama mlangoni pa chumba chetu, hakuingia kwa sababu ya unga, akasikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho. Alisema tukirekodi hii vizuri itavuka bahari. Hapo hakudanganya. Imevuka.

Kabla ya kupanda Maua tulipitia Gachoka kumuaga mama yake Njeru. Ilikuwa wakati wa kupura ndengu, uwanja wote umefunikwa na maganda, na tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, tukiwa tumekalia magunia ndani ya nyumba. Mama hakuwa na neno na muziki. Aliuita kelele za kinu, akacheka, akaniongezea chakula akisema mtu anayepiga vitu lazima ale. Neno lake lilikuwa Maua. Ndugu yake mdogo alikwenda huko kuchuma miraa na akarudi anaongea na ukuta, na aliongea na ukuta mpaka akafa. Alimshika Njeru mkono, mkono wenyewe una mchuzi, akamwambia kwa Kimbeere, kisha akarudia kwa Kiswahili ili na mimi nielewe.

"Huko kula kila kitu, hata nyoka. Lakini hiyo majani usiweke kwa mdomo."

"Sitaweka, maitu," akamwahidi mama yake.

Mama akanigeukia. "Wewe umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nilikuwa na mdomo uliojaa muthokoi, nilisema tu kama mtu anavyosema. Sikujua nimepewa kitu cha kubeba.

Banda lilikuwa nje kidogo ya mji wa Maua, mahali barabara inapoanza kuteremka. Magari ya mzigo yaliondoka kabla ya mapambazuko yakikimbizana kwenda Nairobi, na kuanzia asubuhi mpaka wachumaji waanze kuleta mzigo wa siku hapakuwa na mtu isipokuwa mlinzi na kuku wake. Huo ndio muda wetu. Kaimenyi alitupatia stoo ya kati, ile ya kuwekea miraa iliyokwisha kufungwa. Haikuwa na dirisha. Mlango ulikuwa wa chuma na komeo lilikuwa upande wa nje, maana stoo ile ilijengwa kuzuia mtu asiingie, hakuna aliyefikiria mtu wa kutoka. Upande mmoja ilipakana na stoo ndogo ya majani ya mgomba, na ukuta kati ya hizo mbili haukufika kwenye mabati. Juu palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono.

Mtu wa Maua anajua kitu kimoja kuliko watu wote ninaowajua: jinsi ya kufunga kitu mpaka hewa isikifikie. Miraa ikipata hewa inakauka, na ikikauka ni kuni. Kwa hivyo inalazwa ndani ya majani mabichi ya mgomba, jani juu ya jani, inakazwa kwa kamba ya mgomba, na ikifika mbali bado ina umande. Kaimenyi alisema sauti ni kama miraa, na chumba tukakifunga kama bunda. Mwiti ndiye aliyekuwa fundi. Alianza na magunia, akafuata na majani mabichi, tabaka juu ya tabaka, akashona kwa kamba, akaziba nafasi za juu isipokuwa ile ya upande wa stoo ya majani, tupate kupumua, akaziba chini ya mlango kwa matambara kuzunguka nyaya zilizotoka kwenda kwa kompyuta. Alipomaliza ukipiga kofi ndani lilikufa mkononi mwako. Kulikuwa na harufu ya kijani, ya maji, kama kaburi lililochimbwa asubuhi. Mama mmoja aliyekuwa akituletea majani kwa mgongo alichungulia, akatazama kuta zile, akatazama mlango, akamuuliza Mwiti humo anafunga miraa ama anafunga watu. Mwiti akamjibu kwamba anafunga shetani, aende polepole asimwamshe. Tulicheka wote. Mama yule hakucheka. Alishusha mzigo wake mbali kidogo na mlango, na kutoka siku hiyo alikuwa anaushushia hapo.

Njeru akakiita chumba kile nyumba isiyo na dirisha, na hilo likawa jina la albamu.

Tulirekodi kwa miezi. Nakumbuka chai, nyeusi na ya sukari nyingi mpaka kijiko kinasita, na njugu, na mkate tulioumega kwa mikono, na Mwiti ameketi juu ya debe akichambua vijiti vyake na kutema maganda. Umeme ulikuwa unapotea kila mara, kwa hivyo Kaimenyi alileta jenereta, akaiweka kwenye baraza, karibu na mlango wa stoo ya majani. Hapo ndipo vichwa vilipoanza kutuuma. Ukiwa ndani muda kidogo unasikia kama mtu amekufunga kitambaa kwenye paji la uso na anakikaza. Miguu inakuwa ya mtu mwingine. Unatoka nje, unatapika kidogo, unapata nafuu. Sasa mahali pengine popote watu wangejiuliza. Maua hawajiulizi. Pale kila mtu mwenye kichwa kinachomuuma, anayetapika, asiyelala, asiyejua ni saa ngapi, ana jina tayari: huyo ana handasi, miraa imemshika. Mwiti alikuwa nayo, na aliila kweli. Mimi nilikuwa nimeonja mara moja nikaitema, lakini nikaambiwa hata kuonja kunatosha. Njeru hakuwa ameonja kitu. Mwiti akamcheka, akasema wewe unaila kwa pua, harufu tu imekulewesha, mama yako angekukataza kupumua. Njeru alicheka pia, ameshika kichwa.

Kuna kitu nataka kiandikwe hapa na kisifutwe. Siku moja ya manyunyu, kabla ya ile siku kubwa, Mwiti aliiingiza jenereta kwenye stoo ya majani ili isilowe. Ilikaa humo muda mfupi tu, sisi hata hatukuwa tunarekodi. Kuku wawili wa mlinzi walikuwa wanataga mle ndani. Walikutwa wamekufa juu ya mayai yao, hawana jeraha, na upanga wa kichwani wa mmoja ulikuwa mwekundu kuliko kawaida, mwekundu wa kupendeza. Mlinzi alitaka kuwachinja wangali na joto. Kaimenyi akasema watupwe mbali. Mwiti akasema ni kideri. Kideri huua kuku wote wa uwanja, kila mtu anayefuga anajua, na kuku waliobaki walikuwa wanakula maganda ya njugu miguuni petu. Kaimenyi aliwatazama hao walio hai, halafu akaitazama jenereta, halafu akaenda kukaa kwenye kompyuta yake. Niliona. Yeye kila siku alikaa kule wazi, upande wa banda usio na ukuta, kwenye upepo.

Ulikuwa umebaki wimbo wa mwisho. Besi Mwiti alikuwa ameshaiweka, ilibaki ngoma na gitaa na sauti, na Njeru alikataa turekodi mmoja mmoja. Alisema mwisho wa wimbo ule ni wa polepole na lazima tupumue pamoja. Asubuhi ilinyesha, mabati yakawa yanapiga kelele, tukangoja. Umeme ukapotea. Nilikuwa nafunga viatu niliposikia Kaimenyi anamwambia Mwiti aingize mashine ndani, italowa. Mwiti akauliza, "Na moshi je?" Kaimenyi akasema, "Utapita juu. Ni wimbo mmoja tu." Nilisikia kwa masikio yangu, na neno moshi halikunishtua. Sisi tumelelewa ndani ya moshi, tumepikiwa ndani yake, tumelala ndani yake. Moshi kwetu ulikuwa kitu cha kutoa machozi, si cha kuua. Lakini Mwiti aliuliza. Mtu haulizi jambo ambalo hajaliwaza.

Mvua ilipopumzika Kaimenyi akasema tuwahi kabla haijarudi. Mlango ulikuwa na tabia ya kufunguka kidogo kidogo na kuleta sauti za nje, kwa hivyo akausukuma na nikasikia chuma kinapita. Komeo. Siku nyingine alikuwa anauegemezea jiwe.

Tulianza vizuri. Ninasema hivi kwa sababu ni kweli na kwa sababu sitapiga tena hivyo maishani. Viazi vitunguu, viazi vitunguu, nyanya mbili. Njeru alikuwa amefumba macho. Tulipofika katikati aliacha kucheza, akasema kwenye maiki kichwa chake ni kizito, tufunguliwe tupumzike. Kwenye vile vitu vya masikioni nikasikia Kaimenyi anacheka, anasema hiyo ni handasi. Njeru akasema, "Mimi sili." Kaimenyi akasema tuendelee pale pale, iko sawa, tusiivunje. Tukaendelea. Tukafika ile sehemu ya upole. Mikono yangu ilikuwa mbali, niliitazama kama ya mtu niliyemkodisha. Ukuta wa majani ulikuwa unapumua. Njeru akasema tena, na safari hii hakuwa anaomba kupumzika.

"Kaimenyi, fungua."

"Malizeni kwanza hii."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho Njeru kuambiwa na mtu. Viazi vitunguu, viazi vitunguu, viazi, na hapo kitunguu kikanipotea. Nilikitafuta. Nilijua kuna neno linakuja baada ya viazi, niliuza hilo neno, nilikula hilo neno. Niliona gitaa linateremka, na yeye nyuma yake, polepole, kama mtu anayeketi kwenye kiti ambacho ana hakika kipo.

Mvua ndiyo iliyonitoa. Iliporudi kwenye mabati Mwiti alikuja kutuambia tuache, kurekodi hakuwezekani, na alikuta Kaimenyi yuko kwenye gari anaongea na simu, kompyuta inaendelea kurekodi yenyewe. Mwiti ndiye aliyefungua komeo akatukuta chini; Njeru hakuamka tena.

Hospitali nilikuwa nimelala macho yamefumba, lakini masikio yalikuwa wazi. Nilimsikia Kaimenyi akimwambia daktari kwamba tulikuwa tumekula miraa siku mbili bila kulala. Aliongea kwa huzuni nzuri, mtu angempa kiti. Daktari akauliza wote wawili? Akasema wote wawili, na huyu kijana zaidi. Mwiti alikuwa amesimama miguuni pangu, nilijua kwa harufu yake. Nikajiambia ningoje aseme. Nikangoja. Alijikohoza, akasema atakwenda kuangalia gari. Polisi walipofika bandani walikuta jenereta iko kwenye baraza, mahali pake pa siku zote, imefunikwa nailoni. Haikutembea. Ilibebwa na Mwiti, na kabla mwaka haujaisha Mwiti huyohuyo alikuwa dereva wa gari la mzigo la baba yake Kaimenyi.

Gachoka nilifika siku ya mazishi nikiwa siwezi kusimama sawasawa. Nilikwenda kusema neno moja tu, kwamba hakula. Mchungaji Nyaga alikuwa ameshika maiki. Alisema huyu kijana aliahidi mama yake na akavunja, kwa sababu muziki wa mapepo huanza kwa masikio na kumalizikia mdomoni, na kwamba aliyeyapigia ngoma mapepo hayo yuko hapa, ameingia uwanjani hata haya hana. Watu wakageuka. Mama Njeru alinitazama. Uso wake haukuwa na hasira ya mtu aliyefiwa. Ulikuwa wa mtu aliyedanganywa na mtoto wake, na mimi ndiye shahidi aliyenyamaza. Akasema niondolewe. Baadaye nilituma watu mara mbili, walirudishwa kutoka langoni.

Albamu Kaimenyi aliitoa mwenyewe. Aliiuza Nairobi kwa watu wachache wanaopenda mambo hayo, ikalala miaka, halafu ikaingia kwenye intaneti na wazungu wakaiokota. Wanaipenda sana. Wimbo wa mwisho ndio wanaoupenda kuliko zote. Wanaandika kwamba chini ya gitaa kuna mngurumo mzito usiokatika, kama dunia inasaga meno, na wanaulizana ulitengenezwa kwa chombo gani. Wanaandika kwamba kuelekea mwisho ngoma inaanza kuacha hesabu moja, halafu mbili, halafu inajisahau, na kwamba mpigaji huyo alijua kuonyesha akili inavyozima. Halafu gitaa linalia peke yake kwa muda mrefu, hakuna mtu, na mvua inashuka. Njeru akisema fungua, hapo Kaimenyi alikata. Gitaa likianguka alipaacha. Aliona panauzika.

Nilikwenda. Gachoka haijabadilika sana. Nyumba ni ileile, mabati yamepakwa rangi. Mama Njeru amekuwa mdogo, macho yana ukungu, alinishika uso kwa mikono miwili badala ya kuniangalia, akasema nimenenepa, nikasema ni viazi. Alikuwa amepika ndengu. Tulikula. Kisha akaniambia niwashe. Niliweka simu juu ya gunia katikati yetu na nikamwekea ule wimbo wa mwisho kutoka mwanzo.

Aliusikiliza ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango. Kwenye ile sauti ya tumboni alitabasamu kidogo, akasema hiyo ndiyo alikuwa anafanyia ng'ombe. Tulipofika sehemu ya upole akainua mkono.

"Hiyo inanguruma ni nini?"

"Ni jenereta, mama."

"Iko ndani?"

"Iko ndani."

Nikamweleza. Nilimweleza majani, na nafasi iliyo juu ya ukuta, na kuku wawili, na nani aliuliza juu ya moshi na nani alijibu, na komeo lilikuwa upande gani, na Njeru alisema nini na aliambiwa nini. Sikupandisha sauti. Wimbo ulikuwa unaendelea kati yetu, ngoma yangu ikapoteza kitunguu, gitaa likaanza kulia peke yake. Nikamwambia hapo ndipo alipokuwa anaanguka. Mvua ikashuka. Ikaisha.

Nje mtu alikuwa anapura, fimbo inapanda na kushuka.

"Kwa hivyo hakula," akasema.

"Hata jani moja."

"Na mimi nimemnunia miaka hii yote." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, si kwangu. Akapangusa mikono yake kwenye leso, kidole baada ya kidole, mchuzi wote ukaisha, bado akapangusa. Nilimuuliza nimpigie Kaimenyi nimwambie asije, kwamba hakuna filamu. Akatikisa kichwa.

"Aje. Ameomba kuja, aje. Hao wa kamera watangoja huko nje kwa ndengu. Yeye nitamkalisha hapo ulipokaa, na wewe utafunga mlango, tusikize huo wimbo wote, sisi watatu." Akapapasa gunia mpaka akaipata simu, akaishika kama kitu chenye moto. "Akitaka kutoka, nitamwambia amalize kwanza."